Brashi ya Kuchorea Macho ya Bakiri

Hapo zamani, si ile ya mababu, hii yetu ya juzi, huko uwanda wa juu wa Makonde ambako maji huchotwa bondeni, alikuwapo mchoraji aitwaye Somoe. Aliishi na mumewe, Nangumbi, na mdogo wake yeye Somoe, Mwanjaa.

Somoe alizaa mwana mmoja, Bakiri. Homa ikamchukua angali mdogo, hata picha hakuachwa nayo. Miaka ikapita, macho ya Somoe nayo yakaanza kufifia. Daktari akamwambia, "Mama, masika yakifika utakuwa huoni."

Somoe akasema, "Basi nimchore mwanangu kabla sijapofuka."

Alichora kwa akriliki, rangi inayokubali maji ikiwa mbichi. Ikishakauka, haisikii maji wala sabuni. Ikikaukia kwenye brashi, brashi imekufa. Na brashi nyembamba ya kuchorea uso alikuwa nayo moja tu.

Basi nyumba nzima ikawa mtumishi wa brashi ile. Somoe akimaliza kuchora, huitia kwenye kikombe cha maji isikauke. Mwanjaa huiosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, akiisugua kiganjani taratibu mpaka maji yatoke meupe. Kisha huilaza juu ya kitambaa, maana ikikaushwa imesimama, maji hushuka shingoni yakalegeza gundi inayoshika nywele. Ikishakauka, Nangumbi huisimamisha kwenye kopo, nywele juu. Kila siku hivyo. Somoe akachora paji la uso, wakachoka. Akachora pua, wakachoka. Akachora mdomo, wakachoka zaidi. Yakabaki macho.

Jioni moja macho ya Somoe yalimuuma kama yametiwa pilipili. Akaitia brashi kikombeni, asimwambie mtu, akajilaza.

Nangumbi akarudi kutoka shamba, mgongo haunyooki. Akaiona brashi imesimama majini kichwa chini. Akakumbuka mkewe husema ikikaa hivyo nywele hupinda. Akaitoa, akailaza juu ya kitambaa, akaenda kulala.

Mwanjaa akapanda kutoka bondeni na ndoo kichwani. Akaiona brashi juu ya kitambaa. Akasema, "Alhamdulillahi, leo mtu kanihurumia, kaiosha." Naye akaenda kulala.

Asubuhi brashi ilikuwa ngumu kama msumari. Wakailoweka, wakaisugua, wakaitia maji ya moto; nywele zikang'oka. Nangumbi akaenda mjini kutafuta nyingine, akaikosa, akaagiza, akangoja. Aliporudi nayo, Somoe alikuwa haoni hata mwanga wa mlangoni. Bakiri akabaki ukutani na paji lake, pua yake na mdomo wake, bila macho.

Wakaketi barazani, watatu.

Mwanjaa akasema, "Shemeji, ungeiacha kikombeni ningeiona, ningeiosha. Nywele zikipinda hunyooshwa."

Nangumbi akasema, "Shemeji, kuosha ni kazi yako. Ungeigusa tu kwa kidole ungejua ina rangi."

"Kidole kipi? Vidole vyangu siku ile havikujua hata kama ndoo imetua."

Nangumbi akamgeukia mkewe, akashusha sauti. "Nawe, mama Bakiri. Neno moja tu ungetuambia."

 Somoe akasema, "Kweli, sikusema. Nilichoka kuwatuma. Kila nikifungua mdomo, mmoja wenu huinuka kajishika kiuno."

Nangumbi akaondoa mkono kiunoni.

"Sitafuti wa kumwadhibu," akasema Somoe. "Nataka nimsamehe mtu, na kosa lisilo na mwenyewe halisameheki. Nimechoka kuwakasirikia ninyi, nimechoka kujikasirikia mimi. Mwenye kosa aseme ni lake, nimsamehe, nipate usingizi."

Wakatazamana, mume na shemeji yake. Hakuna aliyesema, na mimi ninayewasimulia nimeshindwa kuwasemea. Semeni ninyi mlioketi hapa. Yuko aliyenyamaza, yuko aliyeitoa majini, yuko ambaye hakuigusa. Je, msamaha ule, nani aliustahili?