Bibi Aliyesugua Mpaka Kukawa Kimya

Alikuwako bibi mmoja, mama wa kanisa, msafi wa kupigiwa mfano. Alimlea mjukuu wa kike aliyeachwa na marehemu binti yake, na hofu yake ilikuwa moja tu: majirani wasije wakasema yatima hatunzwi.

Mtoto akaanza kujikuna sehemu za siri. Pakawa pekundu. Bibi akaona haya kumwuliza mtu. Akachemsha maji, akatia chumvi na ile dawa kali ya kuulia vijidudu, akamwosha kwa sabuni ya kufulia asubuhi na jioni.

"Bibi, inachoma kama pilipili."

"Uchafu ndio unaochoma, mke mwenzangu. Simama wima. Nitausugua mpaka uhame wenyewe."

Pakazidi kuwa pekundu, naye akazidisha dawa. Wapendwa, mtoto akiumizwa na mkono unaompenda, amkimbilie nani?

Baadaye mtoto akanyamaza. Bibi akamshukuru Mungu: dawa imekubali. Kumbe mtoto alikuwa anabana mkojo, hata maji ya kunywa ameyaacha, kwa kuogopa ule moto. Homa ilipopanda na kutapika kukaanza, bibi akambeba mgongoni hadi zahanati.

Daktari akampima taratibu, bibi akiwa kando, akapima na mkojo.

"Mnamwoshea nini, mama?"

Bibi akavitaja vyote, tena kwa majivuno kidogo. Daktari akainamisha kichwa.

"Ngozi ya hapo kwa mtoto ni laini mno, mama. Maji matupu yanatosha. Ajipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, avae chupi ya pamba isiyombana. Pengine muwasho ungeisha hivyo tu. Sabuni na dawa vimemchubua, na kwa kubana mkojo, vijidudu vimepanda hadi kwenye figo. Tunampeleka hospitali, alazwe."

Bibi akamgeukia mtoto. "Mbona hukuniambia kama bado panauma?"

"Nilikuambia, bibi. Ukaongeza dawa."

Mtoto alipona homa. Lakini mpaka leo bibi akishika beseni, mtoto hujikunja ukutani.

Basi na sisi, tuliokaa hapa kanisani na nguo zilizonyooshwa. Mtoto akisema panamuuma, tusione aibu, tumpeleke akapimwe. Na wangapi walituletea maumivu yao tukawaongezea karipio, mimi nikiwa wa kwanza? Walipoacha kulia, tulisimama hapahapa tukashuhudia kwamba wamepona. Leo, tukifika nyumbani, tumtafute yule aliyenyamaza. Tumwulize, halafu tufunge midomo, tusikie.