Bendera Isiyo na Bitana

Paukwa!

*Pakawa!*

Sindano!

*Ya mdarizi!*

Daraja!

*La mpitaji!*

Hamu!

*Ya aliye mbali!*

Haya, mmejibu vizuri. Ila wewe hapo uliyejibu na mdomo umejaa muhogo, meza kwanza. Hadithi yangu hailiwi na muhogo.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alizisikia kwa bibi yake, palikuwa na nchi ikiitwa Ukunguni. Ilikuwa juu milimani, huko mawingu yanakolala. Watu wake hawakuwa majini, wala hawakuwa binadamu kama mimi na nyie. Walikuwa warefu, wembamba, na masikio yao yamechongoka juu kama ncha ya mkuki. Waliishi miaka mingi mno. Mtu wa miaka hamsini huko bado anaambiwa nenda kacheze na wenzio. Na kusikia, jamani! Sisimizi akipiga chafya bondeni, Mkunguni anamwambia pole.

Basi, nchi hiyo ilikuwa na nyumba mbili za kimwinyi. Katikati yao unapita mto, na juu ya mto daraja la kamba. Upande wa mawio ya jua alitawala Mwinyi Chande. Upande wa machweo alitawala Mwinyi Kombo. Kila nyumba ilikuwa na nembo yake, kwenye bendera, kwenye ngao, kwenye milango, mpaka kwenye vifuniko vya vyungu. Nembo ya Mwinyi Chande ilikuwa ndege hondohondo, mdomo mkubwa, anatazama kulia. Na nembo ya Mwinyi Kombo je? Nayo hondohondo. Mdomo uleule, mkia uleule. Ila huyu anatazama kushoto.

Mnacheka? Watu walikufa kwa hilo. Huyu anasema wangu ndiye hondohondo wa kweli, yule anasema wako ni kunguru. Ukiwauliza ugomvi ulianzaje, kila mmoja ana lake.

Na sheria yao ilikuwa kali. Ukiona bendera ya adui darajani, piga mshale. Ukiona bendera yenu, ipishe. Na mtu akithubutu kuichana au kuichoma nembo ya nyumba yake mwenyewe, awe mchunga mbuzi, awe Mwinyi mwenyewe, hukatwa ncha za masikio. Na Mkunguni asiye na ncha za masikio, heri asingezaliwa.

Tena kila bendera ilishonewa bitana nyeusi kwa nyuma. Kwa nini? Ndivyo walivyofanya wazee, basi. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Sasa nisikilizeni, maana anakuja mwenyewe. Palikuwa na binti wa upande wa mawio, jina lake Mwanamize. Baba yake alikwisha kufa, hana kaka hana dada, ana mama tu, Bi Tumu. Zikaja siku za suluhu, wakubwa wakasema tuoane ili tupatane. Mwanamize akaozwa Faki, mwana wa Mwinyi Kombo, akavushwa daraja kwa ngoma na vigelegele. Suluhu ikadumu mpaka mbuzi wa Mwinyi Chande alipotafuna bendera ya Mwinyi Kombo. Mbuzi! Daraja likafungwa. Wapiga mishale huku, wapiga mishale kule. Mama akabaki ng'ambo, mwana akabaki ng'ambo.

Mwanamize akazaa mtoto wa kike, akamlea. Akapikia watu, akafua, akacheka na wanaocheka. Lakini kila alasiri, upepo ukitoka mawio, aliacha alichoshika, akasimama uani, akatega sikio. Akausikia mchi wa mamake ukitwanga kule ng'ambo. Twa, twa-twa. Twa, twa-twa. Kila mwanamke ana kutwanga kwake, nyie mnaotwanga mnajua. Akisikia hivyo anasema, mama yupo. Mama mzima. Anafuta macho kwa upindo wa kanga, anarudi jikoni.

Miaka ikaenda. Alasiri moja mchi ukasikika: twa... kimya... twa-twa. Siku nyingine: twa... kimya. Halafu, kwa mbali sana: twa. Basi.

Mwanamize roho ikamruka. Akaenda kwa mkwewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Una nini, mbona umekauka hivyo?"

"Baba, mama yangu anaishiwa nguvu. Nipe ruhusa nikamwone."

Mwinyi Kombo akavuta pumzi. "Ukamwone kwa wale wanaotazama kulia? Mama zako ni hawa wa hapa. Nenda."

Akaenda kwa mumewe. "Faki, mume wangu, nivushe nikamwone mama."

Faki alimpenda, tusimsingizie. Ila moyo wa Faki ulikuwa wa kuku. "Mke wangu," akasema, "mimi mapenzi ninayo, lakini mshale haujui mapenzi."

Akaenda kwa walinzi wa daraja. "Jamani, nina mama ng'ambo."

"Sisi pia tuna mama," wakamjibu, "lakini wetu wako upande wa haki. Rudi nyumbani, shemeji, usitutie matatani."

Akarudi. Mkwe amekataa, mume amekataa, walinzi wamekataa. Akaketi chini uani, akalia. Alilia kwa sauti, bila haya, kama mtoto aliyeachwa sokoni. Uchungu wa mwana aujua mzazi, ndiyo, lakini na uchungu wa mzazi aujua mwana. Mnisubiri kidogo, ninywe maji.

...Haya.

Ikakaribia sikukuu. Zikatolewa bendera zikaguliwe. Bendera kubwa ya Mwinyi Kombo, ndege wake alikuwa mzima, lakini bitana imeoza. Na kazi ya bitana hupewa nani? Hupewa mkamwana, maana haionekani, haina sifa. Wakamtupia Mwanamize. "Fumua hiyo, shona mpya."

Akafumua. Akaitandaza juani, upande wa nyuma juu. Akatazama. Akaziba mdomo kwa mkono.

Kwa nyuma, katikati ya mafundo na nyuzi zinazoning'inia, palikuwa na hondohondo. Anatazama kulia. Ndege wa kwao! Ndege wa mlango wa mama yake, ndege wa kifuniko cha chungu cha mama yake! Mabwana wale wameuana kwa miaka yote hiyo, na kila mmoja amembeba ndege wa mwenzake mgongoni.

Mngekuwa nyie mngepiga kelele. Mwanamize hakupiga kelele. Alichukua sindano. Akakata fundo moja baada ya jingine, akadarizi upya, mshono wa mbele unatokea nyuma ukiwa safi vilevile, mpaka huwezi kusema mbele ni ipi na nyuma ni ipi. Bitana mpya hakuishona.

Faki akapita, akamkuta anaifunga bendera kwenye mti wa kuibebea. Hakuifunga kando ya mti kama wafungavyo watu. Aliweka kijiti cha kukingama juu, bendera ikaning'inia kama pazia.

"Mke wangu, bitana iko wapi?"

"Imeoza."

"Hushoni nyingine?"

"Nitashona nikirudi."

"Ukirudi kutoka wapi?"

Mwanamize akakaza fundo. Faki akamtazama, akaitazama bendera, akazunguka nyuma yake, akarudi mbele. Rangi ikamtoka. Kisha akanyoosha mikono, akampokea mtoto kiunoni kwa mama yake.

"Mimi sikuona kitu," akasema. "Nenda. Mtoto ninaye."

Kumbe na moyo wa kuku una siku yake!

Asubuhi, jua limeshapanda, Mwanamize huyo darajani. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ameshika mti wa bendera kwa mikono miwili, anakwenda polepole, daraja linayumba. Walinzi wa Kombo nyuma yake wakatazama. Wakamwona hondohondo anatazama kushoto.

"Yetu hiyo! Bendera yetu inasonga mbele! Tunashinda!" Wakapiga vigelegele.

Walinzi wa Chande mbele yake wakatazama. Wakamwona hondohondo anatazama kulia.

"Yetu hiyo! Bendera yetu iliyotekwa inarudi!" Nao wakapiga vigelegele.

Huku wanashangilia, kule wanashangilia, na katikati mwanamke mmoja, jasho linamtoka. Hatua. Hatua. Hatua. Amefika kati, upepo huo! Ukaivuta bendera, mti ukamzunguka mkononi, kushoto kukawa kulia na kulia kukawa kushoto. Vigelegele vikakatika. Pinde zikavutwa huku. Pinde zikavutwa kule. Mwanamize akasikia kamba za pinde zikilia, nanyi mnajua masikio yao. Akasema moyoni, mama, nimefika nusu. Akapiga goti juu ya ubao, akaukumbatia ule mti kwa nguvu zake zote, akaugeuza.

"Ala! Mbona ni yetu?" wakasema huku.

"Ala! Ni yetu!" wakasema kule. "Macho haya, pombe ya jana hii." Wakashusha pinde.

Akavuka. Akakanyaga udongo wa kwao. Mwinyi Chande alikwisha kufika mbio aipokee bendera yake, joho limemkaa upande. Akaitazama mbele, akatabasamu. Akazunguka nyuma. Tabasamu likafa.

"Nini hii? Uchawi! Leteni kijinga cha moto, ichomeni!"

Mtu akaja na kijinga. Mwanamize hakukimbia. Akaigeuza bendera taratibu, ndege wa kulia akamtazama yule mtu usoni.

"Ichomeni, bwana zangu," akasema. "Ila nauliza tu, nani anaanza? Ni nani hapa masikio yake yamemchosha?"

Mwenye kijinga akajishika sikio. Mwenzake akajishika sikio. Mwinyi Chande akataka kukinyakua kijinga mwenyewe, mkono ukafika nusu, ukarudi kwenye sikio.

Watu wakaanza kucheka chinichini. Na mwenye kiburi akichekwa, nyie, mkimbieni! Mwinyi Chande akaunguruma, "Vizuri! Bendera siigusi. Lakini daraja ni kamba, na kamba hazina nembo. Leo jua likitua nazikata, tuone bendera yako itapita juu ya nini. Ukiwa huku, utabaki huku. Ukiwa kule, utabaki kule."

Mwanamize akakunja bendera, akakimbia kwa mama yake.

Akamkuta Bi Tumu uani, ameketi chini, miguu ameinyoosha, kinu mbele yake. Macho yameshaingia ukungu. Mikono imekuwa vijiti. Anauinua mchi, unamshinda, anautua. Mwanamize akachungulia ndani ya kinu. Hamna kitu. Hamna mtama, hamna pumba. Kinu kikavu.

"Hodi," akasema. Sauti ilimtoka ngeni, ya kule ng'ambo, maana miaka mingi mtu husema kama wanavyosema anaokula nao.

"Karibu, mgeni. Nasikia unavyosema, wewe umetoka kwa Kombo. Umepitaje, mwanangu?"

"Nimepita tu, bibi. Mbona unatwanga kinu kitupu?"

Bi Tumu akacheka bila meno. "Nafaka ilikwisha zamani, siku hizi hunipikia majirani. Lakini nina binti kule. Nisipotwanga atadhani nimekufa, atalia, tena ana watu wa kuwapikia. Basi natwanga. Sasa mikono imekataa. Wewe ukirudi, mtafute, anaitwa Mwanamize. Mwambie asije. Njia ina mishale. Mwambie mama humwona ndotoni, inamtosha."

Mwanamize akaanguka miguuni pake. "Haikutoshi, mama! Wala mimi hainitoshi! Ni mimi!"

Bi Tumu akanyoosha mikono. Akapapasa. Akaupata uso, akazipata nyusi, akaipata ncha ya sikio la kushoto, akaifikicha kwa vidole kama alivyofanya alipomnyonyesha. Midomo ikamcheza. Mnadhani alisema nini? Alisema nimekungoja? Alisema hatimaye?

Alisema, "Umekula?"

"Sijala, mama."

Akainuka! Huyu ambaye mchi ulimshinda, akainuka, akaingia ndani akishika ukuta. Mvunguni alikuwa na kijungu kimefunikwa, na ndani mchele kidogo, ambao hata siku ya njaa kuu hakuugusa. Akaupika. Hakutaka kusaidiwa. Akaupakua wote kwenye sahani moja, akatilia mchuzi wa kunde wa jirani, akamwekea mwanawe mbele.

Mwanamize akamweleza yote. Akamweleza mtoto, anavyocheka, jino lake la kwanza. Akamweleza na daraja, na neno la Mwinyi Chande. Jua wakati huo limeshapita utosini, linashuka.

Bi Tumu akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamsogezea sahani.

"Kula, mama," akasema. "Ukimaliza, nenda. Kuna mtoto kule anatega sikio. Usimfundishe kuishi nilivyoishi mimi."

"Mama..."

"Kula. Ukimaliza."

Mwanamize akala. Alikula polepole, punje kwa punje, ili wali usiishe.

Hadithi yangu naikunja hapa, naiweka kwapani. Utamu wake gawaneni, msigombane. Uchungu wake nirudishieni mimi, nimeuzoea. Na mwenye mama aliye hai, asinyanyuke hapa kwenda kulala; apite kwanza kumwambia shikamoo.