Bisbisi ya Fundi Mwakatobe

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana wengine waliohusika wangali hai na hupita njia hii hii, palikuwa na mtambo wa nyuklia mahali paitwapo Ndole. Ndani ya mtambo huo palikuwa na pampu moja kubwa kuliko nyumba yako wewe unayecheka hapo. Kazi yake ilikuwa kusukuma maji yakachemke, yawe mvuke, mvuke uzungushe mashine, mji upate umeme. Mafundi waliiita Mama Mkwe, kwa kuwa huingii chumbani mwake bila adabu.

Aliyeichora ni Mhandisi Hidaya, mwanamke mwoga, na woga katika kazi yake ni sifa. Aliambiwa pampu isukume kiasi fulani. Akaongeza kidogo, kwa usalama. Mkubwa wake akaongeza kidogo, kwa usalama. Wakaguzi nao wakaongeza kidogo, kwa usalama. Hidaya aliona kabisa kwamba nguvu zimepita kiasi, lakini akajiambia, "Si afadhali zizidi kuliko zipungue?" Akatia sahihi.

Miaka kumi mambo yakawa shwari, kwa sababu mtambo ulitoa umeme kwa kiasi kilekile, usiku na mchana. Kisha watu wa mjini wakaweka paneli za jua juu ya mapaa yao. Mchana hawautaki umeme wa Ndole, jioni wanautaka wote kwa pamoja. Ikawa punguza, ongeza. Punguza, ongeza. Na pampu yenye nguvu nyingi, ukiipitishia maji machache, hutetemeka mwili mzima mpaka ijiumize yenyewe.

Wa kwanza kuisikia ikilia alikuwa Fundi Mwakatobe. Mzee huyu hakuviamini vipimo vya ukutani. Alikuwa na bisbisi ndefu yenye mpini wa mti. Ncha aliigusisha kwenye chuma cha pampu, mpini akauweka sikioni, akasikiliza.

"Mama Mkwe anaumwa," alimwambia Lwitiko, mwendeshaji wa mitambo.

"Anaumwa wapi, Mzee?"

"Mifupani."

Lwitiko akatabasamu. "Wakubwa hawapokei habari za mdomo. Andika barua, Mzee wangu."

Barua haikuandikwa. Punguza, ongeza, siku zikapita.

Alhamisi moja, jua kali, Bwana Kibwana akapiga simu kutoka mjini. Huyu ndiye aliyekuwa akigawa umeme na kuamua kila mtambo utoe kiasi gani.

"Shusheni tena," alisema.

"Bwana, tumefika kwenye mstari mwekundu," alijibu Lwitiko. "Chini ya hapo pampu itaumia."

"Umeme umezidi. Msiposhusha, mji mzima utazimika, na hospitali kuna mtu yuko mezani amepasuliwa. Shusheni, jamani!"

Lwitiko akashusha. Kengele ya mtetemo haikulia, kwa sababu yeye mwenyewe aliizima wiki iliyotangulia. Ilikuwa ikilia kila mchana, imewachosha. Kulikuwa na vali ya kuiongezea pampu maji yanapopungua mno, nayo ikakwama. Lwitiko angeweza kubonyeza kitufe akaizima pampu, lakini mtambo wote ungezimika nayo. Njia nyingine ilikuwa mtu aingie, aifungue vali kwa mkono.

"Niingie?" Mwakatobe aliuliza.

"Ingia, Mzee."

Akaingia. Akaifungua. Alipogeuka atoke, bomba lililokuwa limelegezwa na mtetemo likapasuka, mvuke ukamkuta hapo hapo. Masikini, aliteseka siku mbili, akafa Jumamosi. Huko mjini feni zilisita mara moja tu, watu wakaendelea na chakula chao cha mchana.

Sasa sikilizeni. Mafundi wa Ndole wana desturi yao. Chombo cha fundi aliyefia kazini hakizikwi wala hakiuzwi. Mwana wa marehemu humkabidhi yule aliyesababisha kifo, na mtu huyo, kila asubuhi mpaka azeeke, ataingia mle chumbani asikilize badala ya marehemu.

Siku ya kuanua matanga, Tusekile, binti pekee wa Mwakatobe, mwalimu wa shule ya msingi, alikaa mkekani, bisbisi i mapajani. Hidaya alikuja mapema. Tangu msiba hakuwa amekula akashiba. Aliitaka ile bisbisi. Aliona kwamba bila ya adhabu hataweza tena kujitazama kwenye kioo. Akawakuta wenzake wawili wameshafika.

"Nipe mimi," alisema Kibwana. "Mimi ndiye niliyeamrisha. Nilijua mstari uko wapi, nikauvuka. Yule wa hospitali amepona, nami nashindwa hata kumfurahia."

"Nipe mimi," alisema Lwitiko. "Kengele niliizima mimi. Kitufe kilikuwa mbele yangu. Na neno 'ingia' lilitoka kinywani mwangu."

Hidaya akapiga magoti. "Nipe mimi, mwanangu. Hawa walilikuta kosa limeshajengwa. Ningeichora ndogo, ingeyavumilia maji machache, na baba yako angekuwa hapa. Nilitia sahihi, nikaenda zangu, sikurudi kuitazama. Ningepata barua, hata ya mistari miwili, ningekuja siku hiyohiyo."

Hakusema hivyo kwa kujitetea. Ilikuwa kweli tupu. Lakini Tusekile alimkazia macho.

"Barua?"

"Ndiyo, mwanangu. Moja tu."

Tusekile akaiinamia ile bisbisi. "Baba hakujua kuandika vizuri. Jumapili tatu alinijia na karatasi. 'Mwanangu, niandikie, Mama Mkwe anaumwa.' Mimi nina madaftari ya wanafunzi nasahihisha. Nikamwambia kesho, baba. Nikamwambia kesho, baba. Jumapili ya tatu aliikunja karatasi yake, akaitia mfukoni, hakuniomba tena."

Hidaya alitamani ayameze maneno yake, lakini yalikuwa yameshatoka. Akanyoosha mkono aichukue bisbisi, upesi, kabla binti hajasema lingine. Tusekile hakuiachia. Kibwana na Lwitiko nao wakashika, mikono minne juu ya chuma kimoja, na hakuna aliyelegeza.

Haya, mliokuwa mkicheka pale mwanzoni, mbona kimya? Bomba limeshazibwa, kesho asubuhi pampu itawashwa. Bisbisi ni moja. Je, ni haki ya nani?