Nani Akalie Kiti cha Mutalemwa?

Aliyetusimulia habari hii kwanza ni mama mkubwa Kokugonza, mwezi wa Novemba mwaka 2014, tukiwa uani tunanyonyoa mabawa ya senene, wale panzi wa kuliwa. Wengine wameisimulia baadaye wakaipamba. Mimi naiandika kama alivyoisema yeye.

Alianza hivi. Palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Kemilembe alijua kusema mbele ya wakubwa bila kutetemeka. Byera alijua kufafanua jambo gumu mpaka likaeleweka. Rwegasira alikuwa na subira. Angeweza kukaa na mgonjwa kutwa nzima asinung'unike. Kati yao alikuwapo Mutalemwa, ambaye kipawa chake kikubwa kilikuwa woga. Tukacheka. Mama mkubwa hakucheka.

Mutalemwa alisoma chuo cha uuguzi, akilipiwa na mfuko wa parokia. Mfuko ulikuwa na masharti: wastani wa alama usishuke chini ya 2.0, na kila muhula umalize angalau theluthi mbili ya masomo uliyojiandikisha. Mwaka wa pili mama yake akaanza kuugua. Mutalemwa akawa kila mara yuko njiani kwenda nyumbani, na masomo yakamwelemea. Wenzake wa bweni wakamshauri, "Acha machache kabla ya mtihani, bwana. Kuacha si kufeli." Akaacha matatu. Yaliyobaki akayafanya vibaya.

Mhazini wa mfuko, Mwalimu Tibaigana, akamwita.

"Ulijiandikisha masomo sita. Umemaliza matatu. Mengine yako wapi?"

"Niliyaacha, Mwalimu. Sikufeli."

"Mtu akipanda migomba sita akaitelekeza mitatu, utasema alipanda mitatu? Sisi tunahesabu ulivyoanza. Na wastani wako nao umeanguka. Jumamosi uje mbele ya kamati, utueleze kwa nini tusikuondoe."

Baba yake alikwisha kusema kwamba akifukuzwa chuo, asirudi na sanduku lake pale nyumbani. Tangu hapo akilala anaota anaitwa jina. Akiamka anasikia bado anaitwa.

Jumamosi akasimama mbele ya kamati, na sauti ikakataa kutoka. Sababu alikuwa nayo, ila ilikuwa ya kufichwa: mama yake alikuwa na kifafa, na baba alikataza isitajwe nje ya ua. Ndipo shangazi yake Kemilembe aliposimama. "Mama wa mtoto huyu ana kifafa," akasema. "Huyu ndiye aliyekuwa akimdaka asiangukie motoni. Mnataka sababu gani nyingine?" Kamati ikampa Mutalemwa muhula mmoja wa majaribio: apandishe wastani, na amalize masomo aliyoyaacha. Baba yake Mutalemwa alipopata habari, alimwambia Kemilembe, dada yake wa tumbo moja, asikanyage tena kwake. Kemilembe alikuwa na binti aliyemaliza kidato cha sita, anakaa tu, hana wa kumlipia.

Muhula ukaanza, na hofu ikaanza nao. Mutalemwa alifungua kitabu, herufi zikamchezea machoni. Byera ndiye aliyekuwa akiongoza darasani mwao. Kila alasiri alimketisha kwenye kibaraza cha maabara.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Mwongo. Haya, mimi ni mgonjwa wako, nieleze. Ukinikosea nakufa, na mazishi utalipia wewe."

Ndivyo alivyomtoa matopeni. Lakini muda aliompa Mutalemwa aliupunguza kwenye muda wake mwenyewe, akashuka akawa wa pili. Chuo humsamehe ada ya mwaka wa mwisho yule wa kwanza tu. Baada ya matokeo Byera, kwa kukosa ada, akarudi kwao bila kumaliza.

Moja ya yale masomo yaliyoachwa lilikuwa mazoezi ya wodini, na huko ukikosa siku, umekosa somo. Nani basi angebaki na mama? Kaka yake Rwegasira alikuwa Mwanza akijifunza umeme kwa fundi. Aliaga akaja. "Nenda wodini," alimwambia mdogo wake. "Nikikuona hapa kabla ya likizo, nitakutoa kwa mwiko." Alimwogesha mama, alimlisha, alimshika alipoanguka. Fundi wa Mwanza akachukua kijana mwingine. Rwegasira alitaka chuo cha ufundi tangu zamani.

Siku ya matokeo Mutalemwa alisimama mbali na ubao. Alimwomba Byera amsomee.

"Soma mwenyewe. Nimechoka kukusomea."

Akasoma. Masomo yote amemaliza. Wastani ulivuka kwa nukta. Mwaka uliofuata akahitimu.

Sasa sikilizeni, akasema mama mkubwa. Mfuko ule una desturi: anayehitimu humtaja mtu mmoja wa kukalia kiti chake, naye hulipiwa masomo. Mmoja tu, papo hapo mbele ya kamati. Akinyamaza, kiti kinakwenda kigango kingine cha parokia.

Mutalemwa akasimama mahali palepale pa kwanza. Nyuma yake, kwenye benchi moja, walikaa watatu.

"Bila mimi usingepewa muhula," alisema Kemilembe. "Binti yangu yuko nyumbani."

"Na huo muhula angeufanyia nini, shangazi, na yeye haelewi kitu?" alisema Byera. "Mimi bado mwaka mmoja tu."

Rwegasira alitazama mikono yake. "Mdogo wangu, wodini ulikwenda kwa sababu mimi nilikuwa nyumbani. Sina zaidi."

"Taja," akasema Mwalimu Tibaigana.

Hapo mama mkubwa akaikata hadithi, akaendelea kunyonyoa. Tulimsihi. Alisema tu, "Kinywa chake kilifunguka. Ungekuwa wewe, chako kingetaja jina gani?"

Jina alilolitaja Mutalemwa ninalijua. Msimulizi hakulisema, nami siliandiki. Mama mkubwa Kokugonza alifariki mwaka 2019. Wazazi wa Mutalemwa wametangulia, na Mwalimu Tibaigana pia. Mutalemwa yu hai, na Kemilembe, na Byera, na Rwegasira. Ukimwendea yeyote kati ya wale watatu wa benchi kumuuliza kama haki ilitendeka, hatakujibu mpaka umwambie kwanza: wewe ungemtaja nani?