Mkaja wa Bi Mwanakombo

Sogeeni karibu. Mwenye karanga agawe, mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana mwisho wa hadithi hii nina swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Palikuwa na nyumba ya kutunzia wazee kule Tanga, na humo walikuwamo wafanyakazi watatu. Tunu, muuguzi, Mungu alimjalia masikio: akikusikiliza, anasikia hata ulilolimeza. Shemdoe, mpishi, alijaliwa ulimi: akionja mchuzi atakwambia nazi ilikunwa leo au jana. Chande, mtaalamu wa viungo, alijaliwa mikono: asubuhi inanyoosha magoti ya wazee, jioni inapiga ngoma kwenye harusi za watu. Vipaji walikuwa navyo, lakini wacha niseme kweli, kazini walikuwa hawaji navyo. Kazini walikuja kumaliza kazi.

Basi akaletwa Bi Mwanakombo. Aliteleza bombani, akavunjika nyonga, akapasuliwa hospitali, mfupa ukaunga. Moyo ndio uliogoma kuunga. Mjukuu wake, Zulekha, alikuwa mwalimu, anashinda shuleni, na nyumbani hapakuwa na wa kumwinua bibi. Huyo Zulekha mama yake alifariki akimzaa, na Bi Mwanakombo ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akasimama dede. Sasa ameposwa, na harusi imepangwa Mfungo Mosi, mwezi wa Idi.

"Bibi, usipoingia uwanjani kwa miguu yako, mimi siolewi," Zulekha akasema.

"Olewa, mwanangu. Mimi safari yangu nimeimaliza," akajibu bibi, akafumba macho.

Chakula hakugusa. Daktari akamvuta Zulekha pembeni, akamwambia kwamba bibi akiendelea hivyo, hata Ramadhani haitamkuta. Bi Mwanakombo alisikia yote. Watu hudhani mzee akifumba macho, na masikio kayaziba! Alisikia, akamwonea huruma mjukuu wake, lakini nguvu ya kutaka kuishi hakuiona alikoiweka.

Tuanze na Tunu. Desturi ya nyumba ile, kila mzee analetewa sahani kitandani na kulishwa kwa kijiko, haraka haraka, waende kwa mwingine. "Fungua mdomo, bibi. Haya, kimoja tena." Bi Mwanakombo akauma meno. Wakamwita mkaidi. Siku moja Tunu akaweka kijiko chini, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Bibi, nimechoka kukulazimisha. Hebu niambie, kuna nini?"

Tunu akangoja, na kungoja nako ni kazi, asikudanganye mtu. Mwishowe bibi akasema, "Tangu nizaliwe sijala peke yangu. Anayekula peke yake ni mchoyo au mchawi. Nyinyi mnanilisha nimeelekezwa ukutani. Nimewakosea nini, mwanangu?"

Tunu machozi yakamlenga, maana aliyemgeuza ukutani ni yeye mwenyewe, ati jua la dirishani lisimuumize. Kesho yake akabishana na mkuu wa nyumba mpaka akakubaliwa: meza moja barazani, sinia moja, wazee wanne, na birika la kunawia. Bi Mwanakombo akasukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi pale. Hakuanza kula. Alianza kukaribisha. "Karibuni, karibuni, msione haya!" Kisha akala matonge mawili.

Mawili tu, jamani! Kwa nini? Hapo ndipo pa Shemdoe. Wazee wana presha, wazee hawana meno, kwa hiyo Shemdoe alikuwa akichemsha kila kitu mpaka kisahau jina lake. Bi Mwanakombo akainua tonge, akalitazama.

"Nani kapika hiki?"

"Mimi," Shemdoe akajibu kutoka mlango wa jikoni.

"Umepika, au umefua nguo?"

Baraza zima likaangua kicheko. Shemdoe akanuna siku kadhaa, hata salamu hakuitikia. Kisha asubuhi moja akaonekana sokoni mapema. Akamuuliza Tunu mzee yupi ana ruhusa ya kula nini, akapunguza chumvi kama alivyoagizwa, akatia ndimu, tangawizi na hiliki. Akapika boga la nazi, na samaki laini wa kujitoa mwenyewe kwenye mwiba. Bi Mwanakombo akaonja. Shemdoe amesimama na mwiko wake.

"Tangawizi imezidi," akasema bibi, na mkono umesharudi kwenye sinia.

Toka siku hiyo sinia lilirudi jikoni likiwa jeupe, na mashavu ya bibi yakaanza kujaa.

Lakini kushiba si kusimama. Chande alikuwa akija kila asubuhi: "Inua mguu, bibi. Moja, mbili." Bibi akamwambia, "Mguu wangu hauinuki kwa hesabu za shule." Ukweli aliogopa kuanguka tena, ila hilo hakumwambia mtu. Sasa siku moja Chande anasubiri chai, akawa anagonga meza kwa vidole, hana hata habari, anapiga chakacha. Chini ya khanga, mguu wa Bi Mwanakombo ukaitika.

"Hapo katikati umekosea," akasema bibi. Ujana wake huyu alikuwa kiongozi wa vugo, wanawake wanaogonga pembe za nyati wakimsindikiza bibi harusi. Ngoma angeikosaje?

Chande akauona ule mguu. Kesho akaja na ngoma yake. Akapiga polepole, bibi kashika fremu ya kutembelea, hatua moja kwa kila pigo. Akichoka, ngoma inalegea. Akijisikia, ngoma inamchokoza. Wazee wenzake wakapiga makofi, mmoja akagonga sahani. Majirani wakachungulia uani kuuliza nani anaoa.

Idi ikaja, harusi ikafika. Bi Mwanakombo akaingia uwanjani kwa miguu yake, ameshikwa mkono na Zulekha. Vigelegele! Bibi harusi akalia mpaka wanja ukamshuka mashavuni, na bibi naye akalia, kwa furaha, bila kuficha.

Ndipo upande wa bwana harusi wakaleta mkaja. Mnaujua mkaja? Ni nguo ya kufunga tumboni anayopewa mama wa bibi harusi, kumshukuru kwa tumbo lililomzaa na mgongo uliombeba. Zulekha hana mama, kwa hiyo akapewa bibi. Akaupokea, akaunusa, akasimama.

"Huyu nilimbeba mimi, sawa. Lakini mimi nami nimebebwa. Nilishakwenda, nikarudishwa. Mkaja huu nitamfunga aliyenirudisha."

Vigelegele vikapanda, kisha vikakatika. Aliyemrudisha ni yupi? Kisa cha wale watatu bibi alishawasimulia wote, na wenyewe wamealikwa, wako pale pale.

"Tunu!" akasema shangazi yake Zulekha. "Bila masikio yake tungekuwa tumeshasoma hitima."

"Tunu si ndiye aliyemgeuza ukutani?" wakajibu wanawake wa vyungu, wapishi wa harusi. "Na kusikia njaa hakushibishi mtu. Ni Shemdoe!"

"Shemdoe alifua nguo mpaka alipotukanwa! Na mkaja ataufunga wapi, mwanamume yule?"

"Atamfunga mkewe!"

"Chande," wakasema wapiga ngoma. "Bila yeye bibi angeletwa kwa machela, ameshiba."

"Chande alikuwa anasubiri chai! Bahati nayo inavishwa mkaja?"

Wale watatu wameketi kwenye benchi moja, wanatazama chini. Msiniambie hawakuutaka. Kila mmoja aliutaka, na kila mmoja alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni akijua naye anastahili.

"Uchanwe vipande vitatu," mtu akapendekeza.

"Mkaja hauchanwi," akasema Bi Mwanakombo. "Ukichanwa ni matambara."

Na mimi hapa sina zaidi. Sasa zamu yenu. Bi Mwanakombo amesimama katikati ya uwanja, mkaja mikononi, anacheka, anawatazama nyinyi. Ameapa hakai mpaka amfunge mtu, na nyonga yenyewe ndiyo ile ile iliyounga juzi. Haya, amueni upesi, bibi asije akachoka: ungekuwa wewe, ungemfunga nani?