Jina la Barabara ya Tatu

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, mnisaidie kesi hii, maana hukumu yake haijatoka mpaka leo.

Huko Tukuyu palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Ambilikile, dereva mstaafu wa lori la chai, alijua kuuliza. Hakuwahi kulionea swali aibu. Mwalimu Subilaga wa jiografia alijua kutazama. Alikiona kilichomo ndani ya mtu kabla mwenyewe hajakijua. Na Lusajo, kijana mtanashati, alijua kusema. Akitamka neno, ukoo mzima uliliamini. Mwaka mmoja vipawa hivyo vitatu vilikutana juu ya binti mmoja, Tusekile, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita.

Tusekile huukumbuka mwaka ule kwa ukungu wa mwezi wa saba, moshi wa kuni na ndizi za kuchoma jikoni kwa mama yake. Alikuwa amefaulu vizuri. Baba yake, mzee Anyosisye, alikuwa na shamba la miti alilolipanda mwenyewe wakati binti huyo akiwa bado anatambaa, na alikwisha kusema litakatwa mara moja tu, kwa ajili ya chuo. Likishakatwa, wadogo zake Tusekile watamtegemea yeye. Kwa hiyo kozi ilikuwa lazima ilipe.

Baba alikwisha kuichagua: uhandisi wa mafuta na gesi, kama Lusajo, mtoto wa kaka yake, ambaye kila mtu alijua yuko Mtwara kwenye kampuni ya gesi. Tusekile hakubisha. Alichoogopa ni kuiangusha ile miti bure.

Mjomba Ambilikile, kaka wa mama yake, ndiye aliyeanza kutia shaka. Alinunua daftari la shule, akazunguka Tukuyu hadi Mbeya wiki tatu nzima, akimsimamisha kila aliyemwona na kitambulisho shingoni. Ulisoma nini? Ulikaa nyumbani muda gani kabla ya kuitwa kazini? Mshahara unakufikisha mwisho wa mwezi? Wengine walimcheka, benki moja ilimwitia mlinzi. Yeye aliishia darasa la saba, lakini daftari lilijaa. Vijana wa gesi aliowapata wote walikuwa wakisubiri kazi. Wapima ardhi watano aliowakuta, hakuna aliyekaa nyumbani mwaka mzima. Mpaka siku ile Tusekile hakujua kwamba kupima ardhi ni jambo la kusomea chuoni.

Baba hakuvutiwa. Alisema kuzunguka porini na vigingi si kazi ya msichana, na Tusekile mwenyewe, moyoni, alikuwa anaelekea kukubaliana naye.

Ndipo Mwalimu Subilaga alipopanda mlima kwa miguu, viatu mkononi kwa sababu ya tope, akaketi jikoni kwao. Alimkumbusha Tusekile siku walipopima mteremko wa uwanja wa shule kwa kamba. Mvua ilianza, wenzake wote wakakimbilia darasani. Yeye alirudi peke yake, kwa sababu hesabu ilikosea kwa shibiri moja.

"Hakuna aliyekutuma," mwalimu alisema. "Ulirudi kwa sababu hukuweza kuvumilia kosa. Kazi inayolipa humlipa anayeiweza, mwanangu, na hii unaiweza."

Tusekile alilia kidogo, akaifuta aibu kwa upande wa khanga ya mama yake. Kuanzia hapo aliitaka kozi ile. Lakini miti ilikuwa ya baba, na baba hakutikisika. Alitoa mfano uleule: mtazameni Lusajo.

Lusajo alikuwa amekuja likizo, akijiandaa kuoa. Posa ilikuwa imepokelewa, na wakwe walikuwa wakijivunia mhandisi wao. Siku mbili kabla ya fomu za chuo kufungwa, baada ya chakula cha mchana, baba alimwita amshauri Tusekile mbele ya watu wote. Tusekile anakumbuka jinsi Lusajo alivyoitazama sahani yake tupu.

"Baba mdogo, mimi sifanyi kazi kwenye gesi," alisema. "Nabeba magunia ya korosho ghalani. Huu ni mwaka wa tatu. Usiikate miti kwa ajili ya uongo wangu."

Baba alimwomba shemeji yake alifungue tena lile daftari, alisome polepole. Wiki hiyohiyo posa ya Lusajo ilirudishwa. Akarudi Mtwara bila kuaga wengi.

Miti ilikatwa, Tusekile akasoma upimaji wa ardhi. Alipomaliza, hakukaa nyumbani hata miezi minne kabla ya kuitwa kazini. Mshahara wake uliezeka nyumba ya wazazi na kuwasomesha wadogo zake wawili.

Miaka imepita. Mjomba Ambilikile amezikwa nyuma ya migomba yake. Mwalimu Subilaga amestaafu, macho yake yamefifia. Lusajo ana duka la vifaa vya ujenzi huko Masasi. Alioa akiwa na mvi.

Mwaka huu Tusekile alipima viwanja kwenye kilima cha nyumbani kwao. Mkutano wa mtaa ukampa heshima: barabara ya tatu ya viwanja hivyo aipe jina alitakalo, moja tu. Mama anasema ni la kaka yake, kwani bila daftari njia isingejulikana. Wadogo zake wanasema ni la mwalimu, kwani bila yeye Tusekile asingethubutu kuifuata. Baba, aliyekuwa mbishi kuliko wote, anasema ni la Lusajo, kwani bila yeye miti isingekatwa kwa ajili ya njia hiyo, na ndiye pekee aliyelipa kwa jina lake mwenyewe.

Tusekile ameishika kalamu tangu asubuhi, na fomu ina nafasi moja. Haya, ninyi mliosikia yote: kama kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani?