Mashahidi wa Alhamisi Alasiri

Wapendwa, mtu ninayetaka mumwone asubuhi hii hayumo katika usharika wetu, nimemtunga mwenyewe. Basi msitazamane.

Alikuwa mwenye duka la vipuri, mzito wa mwili hata kufunga kamba za viatu kulimtoa jasho. Alipolala, pumzi ilikatika. Alinyamaza kama maiti, kisha akashtuka akitweta. Madaktari walikubali kumfanyia upasuaji wa kupunguza tumbo, ila kwa sharti moja: kwanza azoee kulala na mashine inayosukuma hewa puani kupitia barakoa. Mtu ambaye pumzi yake hukatika namna ile, walisema, ni hatari kumlaza kwa dawa ya usingizi.

Hakuiweza. Hewa ile ilimjia kama kiganja cha mtu anayemziba uso. Alijaribu, akaivua, akajaribu tena, akalia. Mwishowe akajiambia: hii ni ya muda tu, nikishapasuliwa nitaitupa. Kuna haja gani ya kuzoea kitu cha kupita?

Lakini kila Alhamisi alasiri akina mama wa jumuiya walikuja kumjulia hali. Aliposikia hodi, alijilaza, akaivaa, akaiwasha.

"Mzee, leo umekuwa rubani," mmoja akamtania.

Akainua barakoa kidogo. "Rubani asiye na ndege, mama. Bado nasubiri zamu."

Wakacheka, wakaomba, wakamshukuru Mungu kwa mashine ile. Walipotoka, akaivua. Jumapili walisimama kanisani wakashuhudia walichokiona. Lipimeni jambo hilo: hakuna shahidi hata mmoja aliyesema uongo, na ushahidi wote ulikuwa wa uongo.

Mke wake naye aliamini. Kwa miaka mingi alikuwa amelala usingizi wa mang'amung'amu, akimsukuma mumewe kwa kiwiko kila pumzi ilipokatika.

"Baba Tumsifu, sasa naweza kwenda kulala chumba cha pili?"

"Nenda, mama. Nina mashine."

Akaenda, akalala usingizi wa pono.

Siku ya kliniki, daktari alimtaka aivae na ajilaze palepale. Akaivaa kwa ustadi, bila kioo. Usingizi ulipomchukua tu, mikono ikaruka, ikaing'oa.

"Mzee," daktari akasema taratibu, "mikono yako imezoea kuivaa. Usingizi wako haujaizoea. Siwezi kukupeleka chumba cha upasuaji."

"Mpaka lini, daktari?"

"Sina tarehe ya kukupa."

Hata hivyo, si tarehe iliyomvunja. Kando yake alikaa mkewe, mkoba magotini.

"Baba Tumsifu, siku zote hizo nilizolala chumba cha pili, nani alikuwa anakuamsha?"

"Hakuna."

Mama yule akaukumbatia mkoba. "Na mimi kila asubuhi nilikuwa namshukuru Mungu kwa usingizi ule."

Mtaniuliza kama upasuaji ulifanyika. Sisemi, kwa kuwa sina msingi wa kusema. Ninasema lile tu lililothibitika: mtu huyu hakuwa mvivu, wala hakuwa mwovu. Alikata tamaa, akaificha mahali ambapo hakuna aliyefikiri kuitafuta, yaani ndani ya shukrani zetu.

Na sisi je? Tunangoja ukombozi mkubwa huku tukiidharau pumzi ya leo, na imani tunaivaa wageni wanapobisha hodi. Wengine wetu ni wale akina mama. Tuliona, tukashukuru, tukaondoka. Nani kati yetu aliyebaki nyuma kidogo akauliza, "Tukitoka hapa, unaiweza?" Huenda angelia. Huenda angesema, "Siiwezi." Sina hakika kwamba neno hilo lingemponya, nami sitawaahidi nisichokijua. Nina hakika ya jambo moja tu: mke wake asingehama chumba.